Babu alikuwa fayamani: kupiga picha injini ya mvuke isitoke donge jeusi

Msomaji mmoja wa Voi ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Babu yangu alikuwa fayamani, yaani mtunza moto wa garimoshi, miaka ya 1970; alichota makaa kwa sepetu. Macho yake yameanza kufifia, nami nataka nimpigie picha za injini kama ile aliyofanyia kazi, na za landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli alikoishi na bibi, kabla hazijabomolewa. Nimekwenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi mara mbili. Mara zote nimerudi na picha mbaya: chini donge jeusi, juu mbingu nyeupe kama shuka, na injini yenyewe haina uhai. Nina simu, na rafiki ataniazima kamera yenye lenzi moja. Nakosea wapi? Na mwisho, nimchapie babu albamu au nimwonyeshe kwenye simu?"

Marahaba, mwanangu. Nimezitazama picha tatu ulizoambatisha. Tatizo la mwanga lipo na nitalieleza, lakini kuna jambo linalotangulia. Zote tatu umesimama mahali pamoja, mbali, ukijitahidi injini nzima iingie. Ile uliyoipiga ni namba 5918, Mount Gelai, Garratt, yaani injini yenye boila moja na seti mbili za magurudumu, ya daraja (aina) la 59. Ina urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 250 na ushei. Ukilisogeza nyuma lidude la namna hiyo mpaka likae lote kwenye kioo cha simu, linakuwa dogo kama kiberiti. Ukubwa wake, ambao ndio uliokushangaza ulipolisogelea, umeuacha kule kule uwanjani.

Tuanze na weusi, maana ndio uliokuudhi. Injini hiyo si nyeusi. Imepakwa rangi ya damu ya mzee, rangi ya East African Railways. Picha yako imeigeuza nyeusi kwa sababu kamera haijui damu ya mzee ni nini. Inachojua ni kuchanganya vyote vilivyomo kwenye fremu, vyeupe na vyeusi, na kuhakikisha wastani wake unafanana na kijivu cha katikati. Fremu yako nusu nzima ilikuwa mbingu. Kamera ikaona mwanga mwingi, ikapunguza, na aliyepunjwa ni injini. Kule chini kwenye magurudumu, ambako tayari palikuwa na kivuli, hakukubaki kitu.

Dawa ya kwanza haihitaji ufundi wowote: ondoa mbingu. Sogea karibu, inamisha fremu, acha ukanda mwembamba tu wa mbingu juu ya boila, au usiache kabisa. Kisha gusa kioo cha simu pale kwenye chuma chenyewe, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, halafu telezesha juu au chini mpaka rangi unayoiona kwenye kioo iwe ile unayoiona kwa macho. Kwenye kamera ya rafiki yako tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kazi yake ni hiyo hiyo. Ila hapa angalia kinyume chake: ukisogea mpaka chuma cheusi kikajaza fremu yote, kamera itafanya kosa la upande wa pili. Itaona giza, itaongeza mwanga, na chuma kitatoka kijivu kilichochujuka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Hapo shusha mwanga hatua moja. Watu wengi huwaambia wanafunzi waongeze mwanga kila wanapopiga kitu cheusi, na ndiyo maana tunaona injini nyingi za rangi ya majivu.

Kama kamera inaruhusu faili ghafi, lile linaloitwa RAW, litumie. Kivuli cha chini ya boila kinaweza kufunguliwa baadaye kwenye kompyuta bila kuchafuka sana. Kwenye picha ya kawaida ya JPEG ukikifungua utapata chengachenga tu.

Jambo la pili ni saa. Ulikwenda saa sita mchana, nimeona kivuli chako kimejikunja miguuni. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta jua letu halibembelezi: ikishafika saa nne asubuhi limeshapanda juu, na injini ya mvuke ina kila kitu cha maana chini ya tumbo. Magurudumu, pistoni, vile vyuma virefu vinavyounganisha gurudumu na gurudumu, vyote vinajificha kivulini. Fika mara tu milango inapofunguliwa, ama rudi baada ya saa kumi alasiri, jua linapopenya kwa ubavu. Mwanga wa ubavuni ndio unaozitoa ribiti moja moja, kila kichwa na kivuli chake, mpaka unatamani kuzigusa.

Kuna siri nyingine ambayo vitabu vya Ulaya havitakuambia kwa sababu kwao haipo. Nairobi iko kusini kidogo tu ya Ikweta. Mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Desemba hupita upande wa kusini. Kwa hiyo ubavu wa injini unaopata mwanga mwezi wa Julai ndio ulio gizani mwezi wa Desemba. Kabla hujakata tiketi, jua kwanza ni ubavu upi unaoutaka. Na kama waniuliza mimi, nenda Julai. Ni msimu wa baridi Nairobi, mbingu hufunga wingu jepesi siku nzima, na wingu hilo ni kama shuka iliyotandazwa mbele ya taa. Kivuli kinalainika, rangi inatulia. Kwa chuma hakuna mwanga bora. Ikinyesha manyunyu usikimbilie kibandani. Rangi ya damu ya mzee ikilowa huiva upya.

Sasa nikupeleke kwenye kiini cha ombi lako, kwa sababu hukuniomba picha za injini. Umeniomba picha za babu.

Daraja la 59 lilitengenezwa na Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Injini 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron. Dada yake aliyebaki pale makumbusho, namba 5930, anaitwa Mount Shengena, kilele cha milima ya Pare, ng'ambo tu ya mpaka wenu wa Taveta. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizopata kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi, kwa hiyo Voi zilipita usiku na mchana. Umbo lake ni la ajabu kidogo: boila limening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu na silinda, moja mbele moja nyuma, kila moja ikijipinda peke yake kwenye kona. Mbele kuna tangi la maji. Nyuma ya boila ndipo chumba cha dereva na fayamani, na nyuma yao tena tangi la mafuta na maji.

Mafuta, nasema. Katika barua yako umeandika kwamba babu "alichota makaa kwa sepetu". Injini hizi hazikula makaa. Zilichoma mafuta mazito. Fayamani wake hakushika sepetu, alishika vali. Mvuke uliyapuliza mafuta yakawa ukungu ndani ya tanuri, naye kazi yake ilikuwa kulinganisha mafuta, mvuke na hewa kila dereva alipoongeza au kupunguza mwendo, huku jicho moja likiwa kwenye kipimo cha maji ya boila na jingine kwenye bomba la moshi. Moshi ukiwa mweusi tititi, mafuta yamezidi. Ukikosekana kabisa, hewa imezidi na tanuri linapoa. Aliyejua kazi yake aliuacha moshi uwe utando mwepesi tu. Na muulize babu juu ya mchanga. Kwenye injini za mafuta ilikuwa kawaida fayamani kurusha mchanga kidogo ndani ya tanuri, uvutwe na kupita kwenye mirija ukikwangua masizi. Bomba likatapika wingu jeusi mpaka wanawake walioanika nguo kando ya reli wakalalamika.

Nakueleza haya yote kwa sababu yanakuambia uelekeze lenzi wapi. Ukijua kwamba kazi ya babu ilikuwa kwenye vali, utaacha kuhangaika na urefu wa mita 32, utaomba kwa wahudumu upande kwenye chumba cha dereva, na utatafuta gurudumu dogo la vali lenyewe. Tazama ukingo wake. Chuma kilichoshikwa na viganja kwa miaka hakikwaruziki kama kilichogongwa. Kinalainika, kinang'aa upande mmoja tu, upande wa kidole gumba. Tazama na sakafu, mahali miguu ilipokanyaga. Mafundi wakipaka rangi upya alama nyingi hufichika, lakini si zote. Hizo ndizo picha ambazo mtalii wa kawaida hana. Yeye atarudi na behewa namba 12, lile ambalo simba alimburura mrakibu wa polisi wa reli Charles Ryall kutoka ndani yake pale Kima mwaka 1900. Lipige kama una nafasi, ila halitakwenda popote.

Na mpeleke babu mwenyewe. Najua ni safari, lakini treni ya sasa inasimama Voi na kuishia Syokimau, na kutoka huko kuna treni ya abiria inayoingia stesheni ya zamani ya Nairobi mjini, si mbali na makumbusho. Mzee wa reli ataingia mjini kwa reli. Akifika, usimsimamishe mbele ya injini na kumwambia acheke. Mwombe akuonyeshe. "Babu, ulikuwa unasimama wapi? Mkono wa kushoto ulikuwa unashika nini?" Macho yamefifia, lakini mikono haisahau, utaiona ikienda yenyewe. Hapo ndipo upige, na upige mikono kabla ya uso. Weka simu kwenye kurekodi sauti, iache mfukoni mwa shati lake, halafu kamera ya kuazima ishike kazi ya picha.

Ndani ya chumba cha dereva kutakuwa na giza, na dirisha litakuwa na mwanga mkali. Usitumie fleshi; itabandika kila kitu ukutani. Mketishe babu dirisha likiwa ubavuni pake, si nyuma yake, na upime mwanga kwenye shavu lililo upande wa dirisha. Nusu ya uso ikiwa kivulini, iache. Kwa picha za vyuma peke yake, ambavyo havitikisiki, funga tundu la lenzi mpaka f/8, shusha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 100 au 200, na iache shata, kile kipazia kinachopitisha mwanga, ifunguke sekunde moja, mbili, hata nne. Bila shaka mkono hauwezi kutulia sekunde nne. Kama huna tripodi, jaza mchele kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, laza kamera juu yake, na utumie ile saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Nimetembea na mfuko wangu wa mchele tangu enzi za filamu.

Kuna Mmarekani mmoja, O. Winston Link, ambaye kati ya mwaka 1955 na 1960 alizifuata injini za mwisho za mvuke za reli ya Norfolk and Western. Alipiga usiku, akiwasha balbu nyingi za fleshi kwa pamoja. Ukizitazama picha zake, mara nyingi treni imewekwa pembeni au nyuma. Mbele kuna watu sebuleni, kuna mtu anajaza petroli, kuna watoto wanaogelea. Aliona kwamba garimoshi linakufa pamoja na maisha yaliyolizunguka, akavipiga vyote viwili. Mimi kila nikizirudia picha zile nafikiria landi zetu.

Kwa landi lakini nataka umfuate mtu mwingine, au tuseme wawili: Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Kijerumani, ambao tangu mwaka 1959 walipiga minara ya maji, tanuri za chuma na nyumba za wafanyakazi. Kila jengo walilipiga namna moja: mbingu ya wingu, kamera imesimama wima mbele ya jengo, hakuna kivuli, hakuna mbwembwe. Picha moja peke yake ni baridi. Ukizipanga tisa au kumi na tano pamoja, jicho linaanza kuona tofauti. Na landi ni nini ila safu ya vyumba vilivyojengwa sawasawa ili kila mfanyakazi apate sawa na mwenzake? Piga kila mlango kwa umbali ule ule, kimo kile kile, saa ile ile. Pima hatua tano kutoka kizingitini, weka kamera usawa wa kitasa, usiielekeze juu, maana ukiielekeza juu kuta zitaonekana zinaangukia ndani. Tumia lenzi ya kawaida ya simu, si ile pana inayovimbisha pembe. Ukimaliza safu utaona mwenyewe: huyu alipaka mlango buluu, huyu aliongeza baraza ya mabati, huyu alipanda mwarobaini. Nyumba ni za kampuni, lakini mlango ni wa mama mwenye nyumba.

Bisha hodi kwanza. Hizo ni nyumba za watu. Keti, eleza wewe ni mjukuu wa nani, na uahidi nakala ya picha, kisha utimize.

Hivyo hivyo kwa stesheni. Nilipokuwa kijana niliingia stesheni moja kwa kupitia tundu la uzio, nikidhani nusu saa itanitosha kabla ya kuonekana. Askari alinikamata, akakaa na kamera yangu kutwa nzima, na aliporudisha, filamu ilikuwa imeshafunguliwa na kuungua kwa mwanga. Fremu 36 za jengo ambalo leo halina hata paa. Alikosea kuifungua, lakini nilimpa sababu ya kunishuku. Tangu siku ile naanza ofisini kwa stesheni masta, nikiwa na barua fupi yenye jina langu, namba ya kitambulisho, siku na sehemu ninazotaka, pamoja na picha mbili tatu zilizochapishwa za kazi niliyofanya kwingine. Picha hizo zina nguvu kuliko barua. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia chumba cha ishara ambacho nisingejua kama kipo.

Na usidhani reli ya zamani imelala kwa sababu abiria wa Mombasa na Nairobi wamehamia ya kisasa tangu mwaka 2017. Treni za mizigo zinaweza kupita, na dizeli inayoteremka mteremko haina kelele nyingi kama unavyofikiri. Usisimame katikati ya mataruma kutafuta ile picha ya reli mbili zinazokutana mbali. Imeshapigwa mara elfu. Kwenye karakana na mabohari ya zamani angalia unapokanyaga, kuna mashimo ya kukagulia injini yaliyofunikwa kwa mbao zilizooza. Ukiona kitu cheupe kama pamba ngumu kimezungushiwa mabomba au boila, au mabati ya saruji yaliyopasuka, usikiguse wala usikipekue. Inaweza kuwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye.

Kila siku ukirudi nyumbani, kabla ya kula, andika. Namba ya injini, mahali, tarehe, jina la aliyemo kwenye picha kwa ridhaa yake, na alichosema. Baadhi ya picha nzuri kabisa za reli yetu nilizowahi kushika mkononi nyuma hazina hata neno, na hakuna tena wa kumuuliza. Wewe unaye wa kumuuliza, yuko chumba cha pili. Hifadhi nakala mahali pawili, pasiwe pamoja.

Umeuliza mwishoni kama umchapie babu albamu au umwonyeshe kwenye simu. Kwenye simu hataona. Chagua picha sita tu, za karibu, zenye tofauti kubwa ya mwanga na kivuli: vali, bango la namba, ribiti, mkono wake. Zichape kubwa, kila moja karatasi ya A3, na umwambie mchapishaji akupe karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa inarudisha mwanga wa taa na mwenye macho dhaifu haoni ila weupe. Halafu mkalishe karibu na mlango asubuhi, jua likiwa nyuma yake, umwekee ya kwanza mapajani.